Siri na Ushirika: Historia ya Watunzaji wa Picha na Funzo Lake kwa Kanisa

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi mafundi watunzao picha za rangi walivyoiacha desturi ya kufichana maarifa, wakawa jamii moja yenye kufundishana. Baada ya hapo tutauliza ni jambo gani historia hiyo inalolidai kwetu sisi tulio wachungaji, walimu na wanafunzi wa theolojia.

Huenda ndugu msomaji akastaajabu kwamba jambo la namna hii laandikwa kutoka Mlowo. Mlowo ni mji wa biashara kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Wageni wengi huupita wakiwa safarini kwenda mpakani, na wenyeji huujua kwa kahawa, mahindi na soko lake. Hapa hapana jumba la picha wala chuo cha sanaa. Hata hivyo pana makanisa, na ndani ya makanisa ya nchi yetu pana picha: nyingine zimechorwa ukutani nyuma ya altare, nyingine zimechorwa juu ya mbao au kitambaa, nyingine ni karatasi za zamani zilizoletwa kwa ajili ya mafundisho ya ubatizo na kipaimara. Picha hizi huzeeka. Moshi, mvua ipenyayo darini, popo, mchwa na mikono ya wenye nia njema huziharibu. Yule aliyejua ni nani aliyezichora na kwa rangi gani hustaafu, huhamishwa au hufa, na maarifa yake huenda pamoja naye.

Kwa hiyo swali letu si la wapenda sanaa peke yao. Ni swali la uwakili: maarifa ya kutunza yaliyowekwa mikononi mwa wachache yatawafikiaje wengi, kabla kile kinachotunzwa hakijapotea?

2. Zama za siri

Kwa karne nyingi kazi ya kutengeneza picha zilizochakaa ilikuwa kazi ya mafundi wachoraji. Kila karakana ilikuwa na dawa zake za kusafishia, gundi zake na vanishi zake, na baba alimrithisha mwana au bwana alimrithisha mwanagenzi wake. Mteja alipewa picha iliyong'aa. Hakuambiwa ilikotolewa ile nuru.

Mfano ulio maarufu ni wa Paris mwaka 1750. Fundi Robert Picault aliichukua picha ya Andrea del Sarto iitwayo Upendo, iliyokuwa imechorwa juu ya ubao uliooza, akaibandua rangi yake na kuihamishia juu ya kitambaa. Picha ile ilionyeshwa hadharani katika jumba la Luxembourg, na ubao wa zamani ukawekwa kando yake ili watu waone ajabu hiyo. Picault alisifiwa na kulipwa vizuri, lakini alikataa kueleza alivyofanya. Matokeo yake ni kwamba hakuna aliyeweza kuipima kazi yake, wala kuisahihisha, wala kujua kama dawa aliyoitumia ingeendelea kuila rangi baada ya yeye kuondoka.

Miaka 50 hivi baadaye, katika mji ule ule, jambo lile lile lilifanywa kwa njia nyingine. Picha ya Raphael ya Bikira Maria wa Foligno, iliyokuwa imechukuliwa kutoka Italia na majeshi ya Ufaransa, ilionekana kuwa katika hali mbaya. Fundi Hacquin alipewa kazi ya kuihamisha kutoka ubaoni. Safari hii taasisi ya wataalamu iliteua tume ya watu wanne: wakemia wawili, Guyton de Morveau na Berthollet, na wachoraji wawili, Vincent na Taunay. Tume ilifuatilia kazi hatua kwa hatua, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1802. Picha yenyewe ilirudishwa Italia baada ya kuanguka kwa Napoleoni, nayo imehifadhiwa Vatikani. Katika mifano hii miwili fundi alikuwa hodari. Tofauti ni kwamba kazi ya pili iliachia vizazi vilivyofuata maelezo yanayoweza kusomwa na kupimwa.

Hata hivyo siri haikuisha upesi. Mwaka 1863 Max von Pettenkofer, mwanasayansi mashuhuri wa Munich, alijipatia hataza kwa njia yake ya kuirudishia vanishi uwazi wake kwa mvuke wa kileo. Njia hiyo ilienea katika majumba mengi ya picha kwa sababu ilikuwa nyepesi na iliyapendeza macho. Baadaye ilionekana kwamba mvuke ule, hasa pamoja na mafuta yaliyotumiwa kuusaidia, ulilainisha rangi zenyewe na kuzifanya zidhurike kwa urahisi. Hapa twaona kwamba hata elimu ya kisayansi haitoshi ikiwa inatembea peke yake, bila wenzake wa kuihoji.

3. Kutoka siri hadi ushirika, 1930 hadi 1959

Badiliko kubwa lilikuja katika karne ya 20. Mwezi Oktoba 1930, chini ya ofisi ya makumbusho iliyoshirikiana na Shirikisho la Mataifa, wanasayansi, wasimamizi wa makumbusho na mafundi walikutana Roma kuzungumzia njia za kisayansi za kuchunguza na kuhifadhi kazi za sanaa. Kwa mara ya kwanza watu wa nchi nyingi waliketi pamoja wakaulizana juu ya picha za eksirei, viyeyushi, unyevu na nta. Miaka miwili baadaye, mwaka 1932, makumbusho ya Fogg ya Chuo Kikuu cha Harvard yalianza kutoa jarida la kwanza la fani hiyo. George Stout na Rutherford Gettens waliokuwa huko walishikilia kwamba fundi anapaswa kuandika hali ya picha kabla ya kuigusa, na kuandika kila alichokifanya.

Mwaka huo huo wa 1930 jambo lingine lilitukia hapa Mbozi, ambalo laweza kutusaidia kufahamu maana ya maarifa kushirikishwa. Mpima ardhi aitwaye Nott alitoa habari za jiwe kubwa la chuma lililokuwa katika mlima Marengi. Jiwe hilo ndilo kimondo cha Mbozi, chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Vitabu husema kwamba kimondo hicho "kiligunduliwa" mwaka 1930. Lakini wenyeji walikuwa wakikijua kabla ya hapo, ila maarifa yao hayakuwa yameandikwa, wala hakuna aliyewauliza. Kwa upande mmoja basi, palikuwa na watu waliojua pasipo kuandikwa; kwa upande wa pili, palikuwa na walioandika pasipo kuuliza. Ushirika wa maarifa huhitaji pande zote mbili, na jambo hili litarudi tutakapofika Kolo.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, haja ya kushirikiana ilizidi, kwa maana picha nyingi za Ulaya zilikuwa zimefichwa migodini na mapangoni zikapata unyevu. Mwaka 1950 chama cha kimataifa cha wahifadhi kiliundwa London, na kuanzia 1952 kikawa na jarida lake. Mwaka 1956 mkutano mkuu wa UNESCO uliofanyika New Delhi uliamua kuanzishwa kituo cha kimataifa cha uhifadhi. Kituo hicho, kinachojulikana kama ICCROM, kilianza kazi Roma mwaka 1959, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa Harold Plenderleith. Roma tayari palikuwa na taasisi ya taifa ya urejeshaji iliyoanzishwa mwaka 1939 chini ya Cesare Brandi. Brandi alifundisha kwamba mtengenezaji hana ruhusa ya kudanganya. Mahali palipopotea rangi panaweza kujazwa kwa mistari myembamba, ili atazamaye kwa mbali aone picha nzima, na ajongeaye karibu atambue bila shaka kwamba hapa ni kazi ya mkono wa baadaye.

Hivyo yalithibitika mambo matatu ambayo watunzaji wa picha huyashika mpaka leo: kutenda kidogo iwezekanavyo, kutumia vitu vinavyoweza kuondolewa na atakayekuja baadaye, na kuandika kila hatua. Ukiyatazama vema, yote matatu yana msingi mmoja, yaani kumheshimu mwenzako ambaye hujamwona.

4. Mafuriko ya Florence na mkutano wa Greenwich

Ushirika huo ulijaribiwa tarehe 4 Novemba 1966, mto Arno ulipofurika na kuingia mji wa Florence. Maji yaliyochanganyika na tope na mafuta mazito ya kupashia nyumba joto yaliingia makanisani na maktabani. Msalaba uliochorwa na Cimabue katika karne ya 13, uliokuwa Santa Croce, ulipoteza kiasi cha asilimia 60 ya rangi yake. Karamu ya Mwisho ya Giorgio Vasari, iliyochorwa mwaka 1546 juu ya mbao tano, ililowa kabisa.

Vijana kutoka nchi nyingi walikwenda kutoa vitabu na picha matopeni, na wahifadhi wa mataifa mbalimbali wakafanya kazi pamoja katika karakana moja. Waliofundishwa kwa desturi za Uingereza, Italia, Marekani na Polandi waliona kwa macho njia za wenzao. Kazi ya Vasari ilikuwa ngumu mno. Waliokuwapo hawakuwa na njia ya kuitengeneza bila kuiangamiza. Basi waliifunika kwa karatasi nyembamba ili rangi isidondoke, wakaiweka ghalani kungojea maarifa ambayo hayakuwapo bado. Ilirudishwa kanisani Novemba 2016, miaka 50 baada ya gharika. Wapo waliofanya kazi hiyo ya kwanza wasione mwisho wake. Walikubali kusema, "Sisi hatuwezi; atakayeweza atakuja," nao wakamwandalia njia.

Tukio la pili halikuwa la maji. Mwezi Aprili 1974 watunzaji wa picha walikutana Greenwich, Uingereza, kulinganisha njia za kubandika kitambaa kipya mgongoni mwa picha ya zamani ili kuitia nguvu. Tangu karne ya 19 njia iliyosifiwa sana ilikuwa ile ya Kiholanzi, ya kutumia nta iliyochanganywa na ulimbo kwa moto wa pasi. Maelfu ya picha yalikuwa yametendewa hivyo, mengi bila ya haja. Katika mkutano ule mafundi walionyesha wazi madhara: rangi zilizogeuka kuwa za giza, nyuso za picha zilizobanwa zikawa bapa, na nta isiyoweza kutolewa tena. Westby Percival-Prescott, aliyeuandaa mkutano, alieleza jinsi tengenezo moja linavyozaa haja ya tengenezo jingine bila mwisho, na ukatolewa wito wa kusimamisha kazi hiyo kwa muda mpaka iangaliwe upya.

Ni mara chache tunaona taaluma nzima ikikubali mbele ya watu kwamba iliyoyatenda kwa nia njema yameleta hasara. Fundi aliyefanya kazi peke yake angepoteza heshima na wateja kwa kukiri. Lakini palipokuwa na jamii, kukiri kuligeuka kuwa somo kwa wote. Sisi tunaofundisha juu ya maungamo yafaa tulitafakari jambo hili. Katika mikutano yetu ya wachungaji tumezoea kupeana taarifa za mafanikio: idadi ya waliobatizwa, majengo yaliyoezekwa, matoleo yaliyopanda. Ni nani asimamaye aeleze njia aliyoitumia miaka kumi ambayo sasa ameiona inadhuru?

5. Faras: wakati maji yanapokuja

Ndugu zetu wa Nubia wametuachia ushahidi mwingine. Kwa sababu ya ujenzi wa bwawa kuu la Aswan, nchi yao ya kale ilikuwa karibu kufunikwa na maji. Kati ya 1961 na 1964 wachimbuaji kutoka Polandi, wakiongozwa na Kazimierz Michałowski, walifukua kanisa kuu la Faras, kaskazini mwa Sudan. Lilikuwa limejaa mchanga, na mchanga huo ndio uliozihifadhi picha za ukutani zilizochorwa kati ya karne ya 8 na ya 14. Humo walionekana malaika wakuu, Mtakatifu Anna, vijana watatu katika tanuru ya moto, na maaskofu wa Kiafrika; miongoni mwao Askofu Petro, uso wake mweusi, amesimama mbele ya Mtume Petro aliyemwekea mikono mabegani.

Józef Gazy na wenzake walibandika karatasi laini ya Kijapani juu ya picha kwa nta ya nyuki na ulimbo, wakiipasha moto kwa pasi, kisha wakaikata plasta nyuma yake kwa misumeno. Picha zaidi ya 100 ziliokolewa, zikagawanywa kati ya Khartoum na Warsaw, na kila moja ikapigwa picha na kuandikiwa habari zake. Tangu vita vilivyozuka Sudan Aprili 2023, Makumbusho ya Taifa ya Khartoum yamevamiwa na kuporwa. Katika hali kama hiyo ndipo faida ya kumbukumbu zilizosambazwa inapoonekana. Lililohifadhiwa mahali pamoja laweza kuangamizwa kwa siku moja, lakini lililojulikana na wengi halifutiki kirahisi. Kwa sababu ya kazi ya mafundi wale, mwanafunzi wa historia ya Kanisa aweza kuthibitisha kwamba Ukristo wa Kiafrika ulikuwa na maaskofu wake na picha zake mamia ya miaka kabla ya jumuiya za misioni za Berlin na Moravian kufika Nyanda za Juu za Kusini mwaka 1891.

6. Afrika ya Mashariki: Kolo, Murang'a na Mombasa

Katika nchi yetu picha za kale kuliko zote ziko miambani. Michoro ya Kondoa, katika Mkoa wa Dodoma, ilichorwa kwa sehemu kubwa kwa udongo mwekundu, na baadhi yake kwa rangi nyeupe. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa huko miezi kadhaa, akainakili michoro mingi kwa mkono. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983. Mtaalamu wetu Fidelis Masao naye alitoa mwaka 1979 uchunguzi wake juu ya michoro ya Tanzania ya kati. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliipa serikali wajibu wa kuilinda, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini mahali paitwapo Mungomi wa Kolo si makumbusho tu. Wenyeji wamekuwa wakienda huko kuomba mvua na uponyaji, na sehemu ya ibada zao ni kumwaga pombe. Mhifadhi huona uchafu juu ya rangi. Mzee wa mila huona wajibu uliotimizwa. Emmanuel Bwasiri, Mtanzania aliyeuchunguza mgongano huo, ameonyesha kwamba sheria yetu ilitungwa kwa kuangalia vitu vinavyoonekana, ikayaacha yale yanayoaminiwa na kutendwa na watu. Matokeo ni kwamba wale ambao mababu zao walilinda mahali hapo kwa hofu na heshima walijiona wageni. Hapa ushirika wa maarifa haukukamilika: wataalamu walishirikiana wao kwa wao, lakini hawakumshirikisha jirani wa mwamba.

Mfano wa pili ni wa kanisani. Huko Murang'a, Kenya, mji uliokuwa ukiitwa Fort Hall, lilijengwa kanisa la ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Picha zake tano za ukutani, kutoka kuzaliwa kwa Bwana hadi kusulibiwa kwake, zilichorwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, mwana wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesoma Makerere. Yesu wake ni Mwafrika, na milima na migomba iliyomzunguka ni ya Wakikuyu. Njau huyo huyo alishiriki kuanzisha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, mahali pa wasanii kukutana na kufundishana. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwa humo. Tukiweka mambo haya mawili pamoja twaona jinsi picha za Kiafrika zilivyo dhaifu mbele ya ajali moja tu, hasa pasipokuwa na nakala wala maandishi mahali pengine.

Juhudi za kuwafundisha Waafrika kutunza urithi wao hazikukosekana. Kuanzia 1986 hadi 2000 ICCROM iliendesha mpango wa kuwafunza watumishi wa makumbusho ya Afrika kusini mwa Sahara, na lengo lake lilikuwa kwamba Waafrika wenyewe wawe walimu. Katika matunda yake vilizaliwa vyuo viwili: kimoja Porto-Novo, Benin, mwaka 1998, kwa nchi zitumiazo Kifaransa, kingine Mombasa mwaka 2000, kwa nchi zitumiazo Kiingereza. Watanzania, Waganda na Wakenya walikutana Mombasa kama wenzi wa kazi. Lakini ni wazi kwamba elimu hiyo iliwafikia watumishi wa makumbusho zaidi kuliko mashemasi, wazee wa kanisa na wachungaji, ambao ndio wenye funguo za majengo mengi yenye picha.

7. Neno la Luther juu ya picha

Wapo watakaouliza kama yafaa sisi Walutheri kujishughulisha na picha. Swali hilo si jipya. Mwanzoni mwa mwaka 1522, Luther akiwa Wartburg, Karlstadt aliandika kwamba picha ziondolewe makanisani, na huko Wittenberg watu wakaanza kuzivunja. Luther alirudi mwezi Machi, akahubiri siku nane mfululizo. Hakuzitetea picha kana kwamba ni za lazima. Alisema afadhali zisingekuwapo kuliko ziabudiwe. Lakini alikataa zivunjwe kwa ghasia na kwa sheria, kwa kuwa sanamu huanza kuondoka moyoni kwa Neno. Alikumbusha kwamba nyoka ya shaba ilifanywa kwa agizo la Mungu, na Hezekia aliivunja pale tu watu walipoifukizia uvumba (2 Fal. 18:4), na kwamba Paulo alipokuwa Athene alizitazama madhabahu za watu, asiivunje hata moja (Mdo. 17).

Kwa sababu ya msimamo huo, makanisa mengi ya Kilutheri ya Ujerumani yalibaki na altare zao za kale, wakati za Zürich ziliondolewa mwaka 1524 na za Uholanzi zikavunjwa mwaka 1566. Katika kanisa la mji wa Wittenberg altare ya Cranach ya mwaka 1547 yaonyesha Luther mimbarani akimwonyesha Kristo aliyesulibiwa: picha iliwekwa chini ya Neno, ikapata kazi yake. Jirani zetu Wamoravian, waliolitangulia kanisa letu katika Mbozi, nao walikuwa na mchoraji wao, Johann Valentin Haidt, aliyechora mwaka 1747 picha ya malimbuko ya mataifa, Waafrika wakiwemo, wamemzunguka Kristo.

Hata hivyo neno lililo karibu zaidi na mada yetu tunalipata katika habari za hema ya kukutania. Besaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa hekima na maarifa ya kazi za ufundi. Tumezoea kuhubiri hadi hapo. Lakini Kut. 35:34 yaongeza kwamba Mungu alitia moyoni mwake, yeye na Oholiabu, wapate kufundisha wengine. Basi kipawa cha fundi hakikukamilika kwa kuwa hodari. Kilikamilika kwa kufundisha. Na Paulo amwagiza Timotheo jambo lile lile kwa habari ya mafundisho: ayakabidhi kwa waaminifu watakaofaa kuwafundisha wengine (2 Tim. 2:2). Fundi afichaye maarifa yake amekikatiza njiani kipawa alichopewa.

8. Yatupasayo kufanya

Tukiyatazama hayo yote, twaona kwamba hatari kubwa katika sharika zetu si uadui dhidi ya picha. Hatari ni bidii isiyouliza. Kamati ya ujenzi huazimia kupaka kuta rangi kwa ajili ya jubilei, na picha ya ukutani aliyoichora mwinjilisti wa zamani hufunikwa kwa asubuhi moja. Mwingine huosha picha kwa sabuni, au huipaka mafuta ya kupikia ili ing'ae. Mafuta hayo huganda, hukusanya vumbi, na hayatoki tena. Kwa hiyo twapendekeza mambo manne, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila usharika uwe na daftari la picha zake, kando ya daftari la ubatizo. Ndani yake iandikwe picha ni ya nini, imechorwa na nani, mwaka gani, juu ya kitu gani, ina ukubwa gani na hali gani, na ni nani aliyesimulia habari hizo. Wazee waulizwe wangali hai. Picha ya simu ipigwe, na nakala ipelekwe jimboni na katika maktaba ya chuo.

Pili, asiwepo mtu wa kusafisha, kupaka wala kubandika kitu juu ya picha kabla ya kuuliza. Yaliyo salama ni haya: kuziba paa linalovuja, kuzuia popo, kuondoa mishumaa iliyo karibu mno, kuacha nafasi ya hewa nyuma ya fremu, na kutoliegemeza kabati la kwaya juu ya mchoro. Kwa yaliyo zaidi, Idara ya Mambo ya Kale na Makumbusho ya Taifa ziombwe ushauri.

Tatu, maarifa haya yashirikishwe nje ya mipaka ya dayosisi na ya madhehebu. Picha iliyo katika kanisa la Wamoravian, au katika misioni ya Wakatoliki, ni ushuhuda wa Injili ile ile katika nchi ile ile. Mikutano ya wachungaji wa eneo moja yaweza kutenga saa moja kwa mwaka ili kila mmoja aeleze kilicho katika jengo lake, na kilichoharibika pia.

Nne, vyuo vyetu vya theolojia viingize jambo hili katika somo la historia ya Kanisa. Mwanafunzi anayekwenda likizo apewe kazi ya kuandika habari za picha moja ya usharika wake. Kwa njia hii, baada ya miaka kumi, tutakuwa na kumbukumbu ambazo hakuna mtafiti wa mbali angeweza kuzikusanya.

9. Hitimisho

Tumeona jinsi watunzaji wa picha walivyotoka katika karakana zenye milango iliyofungwa, wakafika mahali pa kuandika, kulinganisha, kukiri hasara na kuwaachia wengine kazi wasiyoiweza. Safari hiyo iliwachukua zaidi ya miaka 200, na huko Kolo bado haijakamilika, kwa kuwa ushirika unaomwacha nje jirani ni ushirika nusu.

Kanisa lilipewa agizo la kukabidhiana tangu mwanzo. Tunalishika kwa habari ya imani. Yatupasa kulishika pia kwa habari ya vitu ambavyo imani ya waliotutangulia imeviacha kutani. Mchungaji anayehamishwa mwezi huu hukabidhi mhuri, vitabu vya hesabu na vyombo vya Meza ya Bwana. Na akabidhi pia, kwa maandishi na kwa mdomo, habari za picha iliyo nyuma ya altare, ili yule anayempokea asiwe wa kwanza kuifunika kwa rangi.